Lastiki ya Mama Tepu

Wapo wanaovaa dhahabu shingoni na wapo wanaovaa hirizi. Mama Tepu alivaa tepu ya kupimia nguo, ile ya njano yenye ncha za bati, tangu alfajiri mpaka anapopanda kitandani. Wifi yake alimwambia mara nyingi kwamba siku ya kumzika itabidi watu waivue kwanza.

"Niacheni nayo," Mama Tepu alijibu kila mara. "Huko nako watu wanavaa."

Chumba chake cha kushonea kilipakana na ukuta wa shule ya msingi. Kilikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, na meza ya kukatia iliyojaa chaki na makovu ya mkasi. Ukutani palikuwa na benchi refu la wateja, na kwenye kona friji ndogo iliyokuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba. Sare za shule ile alizishona yeye kwa miaka ishirini na miwili. Walikuja wanawake kuwashoneshea watoto wao sare, na wao wenyewe aliwahi kuwashonea walipokuwa na meno ya maziwa.

Sasa nikueleze alivyofanya kazi, maana kisa chote kimelala hapo.

Jambo la kwanza ni kupima. Mama Tepu aliishia darasa la tatu. Namba za tepu alizijua kama vidole vyake, lakini kalamu ilimsumbua, basi kazi ya kuandika ilikuwa ya wifi yake. Huyu wifi alikaa kwenye cherehani ya umeme, kalamu imechomekwa nyuma ya sikio, daftari liko pajani. Mama Tepu alipima huku akitangaza kwa sauti ya mnadani: "Bega kumi na tatu! Kiuno ishirini na nne! Andika, wifi!" Na watoto wote waliokuwa kwenye benchi wakaitikia kwa pamoja: "Andika, wifi!" Watoto waliupenda mchezo ule. Wengine walikuja kumsindikiza rafiki tu, ili waitikie.

Jambo la pili ni lastiki. Mama Tepu alikuwa na ugomvi wa zamani na vifungo.

"Kifungo hakina adabu," alisema. "Mtoto akiongezeka kidogo tu, kinambana tumboni, kinakatika mbele za watu. Lastiki ina huruma."

Kwa hiyo mtoto aliyejaa kiunoni alishonewa lastiki pana nyuma, ndani ya pindo, isiyoonekana. Kwenye daftari, mbele ya jina, wifi aliandika herufi moja: L. Wazazi walifurahi. Walisema sketi ya Mama Tepu hukua pamoja na mtoto.

Nyumbani aliishi na wifi huyo, na mjukuu wa miaka kumi na moja aliyeitwa Kengele. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kicheko chake, kilichosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mama yake Kengele alifanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya mji mwingine, akija kila mwisho wa mwezi. Malezi yalikuwa ya bibi. Na bibi alilea hasa! Kila siku masomo yakiisha mtoto alipita dukani kwa bibi, akasalimu, akapewa soda baridi na pakiti ya biskuti. Usiku mezani soda nyingine. Mtoto akinenepa, majirani wakamsifu bibi: "Mjukuu wako ametulia, anapendeza." Mama Tepu akatembea kifua mbele.

Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, benchi lilijaa kama kawaida. Zamu ya Kengele ikafika. Mama Tepu akazungusha tepu, akaisoma, akatangaza bila hata kuvuta pumzi:

"Kiuno thelathini na moja! Andika, wifi!"

Watoto wa benchi wakatazamana. Mtoto mmoja akakohoa kicheko. Kisha wakaitikia wote, kwa nguvu kuliko siku zote. Mama Tepu hakuona kitu, tayari alikuwa amemshika bega mtoto mwingine. Kengele akatoka nje taratibu, na siku hiyo ng'ambo ya barabara hakusikika mtu akicheka.

Miezi mitatu ikapita. Muuguzi wa zahanati akaja shuleni na mzani na ubao wa kupimia urefu, akapima madarasa yote, mtoto mmoja mmoja, katika chumba kilichofungwa mlango. Baadhi ya watoto walipewa barua. Ya Kengele ilikaa siku nne chini ya madaftari, mpaka bibi alipotaka kuufua mkoba.

Wifi akaisoma: "Uzito wa mtoto umezidi kiwango kinachofaa kwa umri na urefu wake. Tunaomba mzazi au mlezi afike zahanati kwa mazungumzo."

"Soma tena."

Wifi akasoma tena.

"Mjukuu wangu mimi? Amezidi? Huyo sista alitumia mzani gani, wa viazi?"

"Wifi, tulia. Amesema mazungumzo, hajasema kesi."

"Mimi napima watoto kabla yeye hajaota meno! Nipe daftari hilo. Nitamwonyesha namba."

Akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona. Tepu shingoni, daftari kwapani, akaenda zahanati kama mtu anayekwenda kudai shamba la baba yake.

Muuguzi alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye saa ya mkononi iliyofungwa kwa plasta ya kidonda. Alimsikiliza Mama Tepu mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akasema:

"Mama, umefanya vizuri kuja na daftari. Funika majina ya watoto wengine, nionyeshe ya mjukuu wako tu."

Mama Tepu akayafunika kwa viganja. "Haya. Mwaka juzi, huu hapa. Mwaka huu, huu hapa. Ona mtoto anavyokua."

"Nisomee wewe, mama. Namba zako unazijua kuliko mimi."

"Mwaka juzi urefu wa sketi inchi ishirini, kiuno ishirini na tano. Mwaka huu urefu ishirini na mbili, kiuno..." Sauti ikapungua. "Thelathini na moja."

"Kwa hiyo sketi imekwenda chini inchi ngapi?"

"Mbili."

"Na pembeni?"

Mama Tepu akakirudisha kidole kwenye namba ya kwanza. Namba hazijawahi kumsaliti, wala siku hiyo hazikumsaliti. Yeye ndiye alikuwa hajaziangalia.

"Sita," akasema.

"Fundi, nguo inayokua pembeni mara tatu kuliko chini, wewe unaiitaje?"

"Kitambaa cha meza," Mama Tepu akajibu kabla hajajizuia, na wote wawili wakacheka, ingawa kicheko cha Mama Tepu kilikwama njiani.

Muuguzi akaweka kidole juu ya herufi moja. "Na hii L?"

"Lastiki. Ili isimbane."

"Na haikumbana?"

"Hata siku moja. Mimi nashona vizuri."

"Unashona vizuri mno, mama. Kifungo kingekuwa kimekwambia tangu mwaka jana."

Maneno hayo yalimwingia. Akafungua kurasa za nyuma, peke yake, bila kuonyesha mtu. Mwanzoni mwa daftari L ilikuwa moja kwa ukurasa, mara nyingine haipo kabisa. Kurasa za mwisho zilikuwa na L kama mvua. Akalifunga.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kusalimu amri haraka. "Sista, sisi tulikulia njaa. Mtoto aliyekonda ndiye aliyekuwa mgonjwa. Mnene ndiye mzima."

"Wakati ule ilikuwa kweli, na njaa bado ipo. Lakini humu ndani napokea pia watoto wa miaka kumi na mbili ambao shinikizo la damu limeanza kupanda, magoti yanawauma, usingizi wao ni wa kukoroma. Kengele hana hata kimoja cha hivyo. Ndiyo maana nimekuita leo, sikungoja kesho." Akaivuta chupa tupu ya soda iliyokuwa mezani. "Nisomee namba iliyo mbele ya neno sukari."

"Thelathini na sita."

"Ni gramu. Gramu nne ni kama kijiko kimoja cha chai. Gawanya."

"Tisa." Kwenye hesabu ya namna hiyo hakuna fundi anayechelewa.

Muuguzi akachukua glasi na kopo la sukari, akaanza kutia kijiko baada ya kijiko. Alipofika cha tano Mama Tepu akageuza uso. Alipofika cha tisa, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi namnywesha mbili kwa siku. Kumi na nane. Kwenye chai yangu natia vijiko viwili, na wifi yangu ananiita nyuki."

"Hukujua, mama. Imeandikwa kwa maandishi ya sisimizi."

"Sasa nimnyime chakula?"

"Hapana, usimnyime. Anakua huyu. Hatumpunguzi uzito, tunangoja urefu uufikie. Nyumba nzima mnywe maji, sio yeye peke yake. Mboga na matunda viongezeke kwenye sahani za wote. Acheze kila siku mpaka atoke jasho, alale mapema. Na uzito wake usiwe gumzo mezani." Akanyoosha mkono. "Una utepe?"

Kumwuliza fundi kama ana utepe! Mama Tepu akatoa mfukoni utepe mwekundu, mita nne nzima.

Muuguzi akakanyaga ncha moja kwa kisigino, akauvuta mpaka utosini, akakata hapo. Kisha akaukunja mara mbili, akauzungusha kiunoni mwake. Ncha zikakutana. "Kiuno kisizidi nusu ya urefu. Hii ni tahadhari tu, haimhukumu mtu. Ncha zisipokutana, njoo tupime vizuri."

Mama Tepu akakata wake kwenye uliobaki, akajaribu. Ncha zikabaki zinatazamana kwa mbali, kama ndugu waliogombana.

"Utepe huu mfupi," akasema.

"Utepe sio mfupi, mama."

Foleni ya zahanati ilimrudisha dukani alasiri, moyo mwepesi, wifi akiwa amekwisha kufungua na kuendelea kushona. Kitu kinachopimika, kwa Mama Tepu, ni kitu kinachorekebishika. Akamkuta Kengele anafungua friji.

"Mjukuu wangu, njoo usimame hapa. Nimejifunza kipimo kipya."

Kengele akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Sipimwi."

"Dakika moja tu."

"Sipimwi, bibi! Utatangaza!"

"Nitangaze nini?"

Hapo ndipo mtoto alipofunguka, maneno na machozi pamoja. "Shuleni sina jina. Naitwa Thelathini na Moja. Nikisimama kwenye mbio wanasema, Thelathini na Moja akianguka uwanja utapasuka. Nikipita wanasema, andika, wifi. Sichezi tena. Mapumziko nakaa darasani mpaka yaishe. Ulitangaza wewe, bibi. Wewe! Wao waliitikia tu."

Cherehani ya umeme ilisimama. Wifi alitazama chini. Mama Tepu akainua mikono, akaitoa tepu shingoni, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Nimekosa," akasema. "Nisamehe, mjukuu wangu."

Sote tunajua watu wazima walivyo wagumu kwa neno hilo. Wengi huzunguka: watampikia mtoto kitu kizuri, watamsemesha kwa upole, watajifanya wamesahau. Mama Tepu alilisema wima, mbele ya wifi yake.

"Sitapimwa tena," Kengele akasema. "Hata sare ya mwakani. Nitavaa hii hii."

"Hutapimwa. Mpaka siku utakayotaka mwenyewe. Na kama hutaki kabisa, nitashona kwa macho."

Hiyo ndiyo ahadi aliyoibeba mwaka mzima. Alijua akimpoteza mtoto kwenye tepu, amempoteza kwenye mengi. Kwani asiyetaka kujua kipimo chake leo, kesho hatataka kumwona hata muuguzi.

Asubuhi iliyofuata akafunga pazia zito kwenye pembe ya chumba. Kuanzia siku hiyo kila mtoto alipimwa nyuma ya pazia, na namba aliziandika Mama Tepu mwenyewe, ulimi nje, tano zake zikifanana na nyoka aliyekanyagwa.

"Umeninyang'anya kazi," wifi akalalamika.

"Umebaki na kazi ya kunicheka. Inakufaa zaidi."

Watoto walipokaa kwenye benchi na kuanza kuimba andika wifi, alisimama mbele yao, mikono kiunoni. "Sikilizeni, wajukuu zangu. Wimbo huo niliutunga mimi, na lilikuwa kosa. Anayeuimba sasa anaimba kosa la bibi mzee. Mnataka kuimba makosa yangu? Ninayo mengi, tutakesha." Wakacheka. Wimbo ukafa pole pole, maana utani aliokwisha kujitania mwenye nyumba haunogi tena kwa mgeni.

Friji ikabadilika. Soda zilipoisha hazikurudi. Yakaingia maji, na bakuli la matunda yaliyokatwa.

"Na mimi nina kosa gani?" wifi aliuliza jioni ya kwanza, akiitazama bilauri ya maji kama barua ya madai.

"Nyumba moja, kinywaji kimoja. Sista kasema."

"Sista hajaolewa kwetu."

"Ndiyo maana anasema ukweli."

Sare zilizokwisha kushonwa, ambazo zamani alizituma kwa pikipiki, sasa alizipeleka kwa miguu jioni, na Kengele akabeba nusu ya mzigo. Walipita barabara ndefu ya nyuma ya shule. Mara ya kwanza walipopanda kile kilima, bibi alisimama mara tatu.

"Bibi," Kengele akasema, "unapumua kama pasi ya mvuke!"

Na akacheka kile kicheko chake cha ng'ambo ya barabara. Mama Tepu aliegemea ukuta wa watu, jasho likimtiririka, akafikiri: nipumue hivihivi mpaka kesho, kama ndiyo bei yake.

Lakini lile lililofanya kazi kubwa kuliko yote halikuandikwa na muuguzi. Kabatini palikuwa na roli nne za lastiki pana. Siku moja Mama Tepu akakata kipande kirefu, akakifunga ncha kwa ncha kuwa duara, akakivisha miguuni mwa viti viwili uani.

"Ruka," akamwambia Kengele. "Hii ndiyo kazi yake halisi."

Kengele akaruka peke yake siku mbili. Siku ya tatu binti mmoja akachungulia ukutani. Wiki ya pili walikuwa saba, viti vimerudishwa ndani, lastiki imepanda kutoka vifundoni mpaka magotini, na aliyekuwa fundi wa kuruka ni Kengele, kwa kuwa ndiye aliyeanza mapema. Miongoni mwa wale saba alikuwemo yule aliyekohoa kicheko kwenye benchi. Aliteleza, akaanguka kwa makalio. Kengele akamtazama kidogo, akampa mkono.

Kwa wazazi kazi haikuwa laini. Akija mama kuomba lastiki, Mama Tepu alimvuta kando, akamwonyesha utepe uliokunjwa mara mbili, akamwelekeza zahanati. Mmoja alifura.

"Nimekuja kushona, sikuja hospitali!"

"Nitashona, mama, na lastiki nitatia. Ila siwezi kutia na kunyamaza. Nilinyamaza na wangu."

Mama yule akabeba kitambaa chake akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi, bila kitambaa, akauliza zahanati inafunguliwa saa ngapi. Wengine hawakurudi. Mama Tepu hakuwakimbilia. Aliamini neno likishasemwa kwa heshima lina miguu yake.

Mwaka ukaisha. Wiki ya sare ikafika tena, benchi likajaa, pazia likafunguka na kufungwa. Mama Tepu hakumwita Kengele. Alikuwa amekwisha kumkadiria kwa macho wakati akiruka, na kitambaa chake alikiweka chini kabisa ya rundo.

Siku ya tatu, benchi likiwa limebakiwa na watoto wachache, Kengele aliingia akitoka uani, anahema, vumbi mpaka magotini. Akapita moja kwa moja nyuma ya pazia.

"Bibi, niletee utepe. Na usiguse. Najipima mwenyewe."

Akaukanyaga kwa kisigino, akauvuta mpaka utosini, bibi akakata pale alipoonyeshwa. Akaukunja, akauzungusha. Ncha mbili zikasogeleana, zikasogeleana, zikasimama. Kati yao palibaki nafasi ya upana wa kucha. Mwaka uliopita, kwa hesabu aliyoifanya Mama Tepu kimoyomoyo, pangepita vidole vinne.

"Bado kidogo," Kengele akasema.

"Bado kidogo," bibi akakubali. Hakuongeza chumvi.

Mtoto akanyoosha mkono, akaichukua tepu ya njano shingoni mwa bibi yake, akaizungusha, akainama kuisoma. Kisha akavuta pumzi, na kwa sauti iliyofika mpaka benchini, mpaka kwenye cherehani ya umeme, na sidhani kama ng'ambo ya barabara waliikosa, akatangaza:

"Kiuno ishirini na tisa na nusu! Andika, bibi!"

Nje ya pazia hakuna aliyeitikia. Ila mkasi wa wifi ulisikika ukianguka sakafuni, na wifi mwenyewe akipenga kamasi.

Mama Tepu akaandika, ulimi nje. Mbili, tisa, kisha nusu, ambayo ilimtoa jasho.

"Nikutilie lastiki?"

"Kifungo," Kengele akasema, akiirudisha tepu shingoni mwa bibi yake na kuiweka sawa. "Kikinibana nitakwambia."

Jioni ile Mama Tepu akakata sketi hiyo kwanza kabla ya zote. Kiunoni akashona kifungo cheusi kwa uzi wa mara nne. Chini akaacha pindo refu, inchi tatu nzima, maana mtoto alikuwa anakwenda juu.